Miguu Chini ya Gari

Inspekta Rhobi alivua koti, akatandika gunia kwenye zege, akalala chali na kujisukuma chini ya gari akiwa na tochi mkononi. Ilikuwa Rav4 ya kijivu iliyokwisha kula miaka, imeegeshwa ubavuni mwa nyumba mtaa wa Nyasura, mjini Bunda. Mwenye nyumba, Clementi, mtu mrefu na mcheshi, muuzaji wa injini kuukuu za boti, alisimama kando na kikombe cha chai.

"Utachafuka, afande," alisema.

"Chini ya gari hili, sidhani."

Na kweli hakuchafuka. Alipitisha kidole kwenye bolti ya kumwagia oili ya giaboksi, kidole kikatoka kikavu. Washa ya bolti, kile kipete cha kuzuia kuvuja, ilikuwa mpya, bado inang'aa. Pembe za bolti hazikuliwa hata kidogo. Aliyeifungua alikuwa na spana ya saizi yake na hakuwa na haraka. Mahali pa kumwagia maji ya rejeta palikuwa pamefungwa na kufutwa, na kwenye zege hapakuwa na alama ya tone. Kabla ya kuhamia upelelezi, Rhobi alikuwa amekagua magari kwa miaka kadhaa, ya watu na ya serikali. Kazi safi namna hii aliiona kwa nadra gerejini. Nyumbani kwa mtu hakuwahi.

Alitoka chini, akaomba gari liwashwe na kuachwa lipate moto. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyekundu, angavu kama juisi ya rozela, na imesimama pale inapotakiwa kusimama. Kwenye tangi dogo, kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta ili injini isichemke, ilikuwa ya kijani safi, haina kutu wala povu.

"Umeridhika?" Clementi aliuliza.

"Gari limenifurahisha," Rhobi alijibu, na hapo alikuwa anasema kweli.

Lakini hakutoka Musoma kuja kufurahia gari. Jumamosi mchana, wakati watu wengi wa Bukima, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, wako kwenye ibada ya Sabato, mtu alimpiga kwa chuma Isidori, mlinzi wa boti za wavuvi, akamwacha kifudifudi kwenye mchanga mweupe wa ufukweni na kuondoka na injini mpya ya boti. Polisi walimkamata Alfonce, mvuvi aliyekuwa amegombana na mlinzi asubuhi ile ile. Alfonce bado alikuwa mahabusu. Kisha Isidori akazinduka hospitalini na kunong'ona jina jingine: Clementi. Tatizo ni kwamba katika saa hiyo hiyo alimwita pia kaka yake aliyekwisha kufa zamani, na daktari akawaonya polisi wasitegemee sana maneno ya kichwa kilichopasuka.

Clementi naye alikuwa na jibu. Jumamosi mchana kutwa alikuwa nyumbani anabadilisha kulanti na oili ya giaboksi, na jirani alimwona. Kazi yenyewe ilikuwa hapa, mbele ya macho ya Rhobi, haina dosari. Ndiyo maana aliona aanze nayo.

"Hebu nielekeze ulivyofanya," alimwambia Clementi. "Na mimi nina kigari changu, kinanisumbua."

Clementi alicheka kwa furaha. Aliweka kikombe juu ya boneti. "Mimi naanzaga na rejeta. Nilitoka sokoni, nikapaki, hapo hapo nikafungua mfuniko nikamwaga maji."

"Injini ikiwa bado ya moto?"

"Ya moto kabisa. Maji ya moto yanatoka na uchafu wote."

Rhobi alimtazama mikono, shingo na uso. Ngozi ilikuwa nzima. Mtu anayefungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto huondoka na kovu la kusimulia. Mvuke humrukia kabla hajauondoa mkono. Wakati huo huo mlangoni kulitokea mke wa Clementi, Nyangi, mwanamke mfupi aliyevaa tayari kwenda kazini, na chupa ya chai mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Alikuwa anamimina. Akaacha kumimina.

"Na giaboksi?" Rhobi aliendelea. "Ulijuaje kwamba oili imetosha?"

"Unajaza mpaka inafurika. Ikifurika, imetosha."

Kwa giaboksi ya kuingiza gia kwa mkono, jibu lile lingepita. Gari hili lilikuwa la kujiingiza gia lenyewe. Ukilijaza mpaka lifurike, oili hutoka povu, na gari huanza kuruka kama mbuzi. Nyangi alikuwa anatazama chini.

"Kulanti ya zamani ulimwaga wapi?"

Clementi aligeuka huku na huku. "Si hapo nyuma, kwenye majani."

"Iko kwenye rafu," alisema Nyangi kwa sauti ya chini, kisha akaongeza upesi, "Uliiweka wewe, Baba Susana. Umesahau."

Ilikuwa kwenye rafu kweli, chini ya paa la stoo, juu ambako mbwa na mbuzi hawafiki, ndani ya dumu lililokazwa mfuniko na kuandikwa SUMU kwa herufi kubwa. Kulanti ni tamu, na mnyama akiilamba, figo zake zimekwisha. Kando ya dumu kulikuwa na oili ya zamani kwenye jagi la plastiki linaloona ndani, lenye mistari ya vipimo ubavuni, na aliyeimwaga alikuwa ameweka alama ya wino pale ilipoishia. Akapata kujua ni kiasi gani kimetoka, ili arudishe kiasi kile kile. Rhobi alilishika lile jagi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwenye kamba ilining'inia ovaroli ya bluu. Miguu yake ilikuwa imekunjwa kwa ndani mikunjo mipana. Vumbi la zege na doa jekundu vilikuwa nje ya mkunjo. Rhobi alipoufungua, ndani palikuwa pasafi. Ovaroli hii ilivaliwa ikiwa imekunjwa. Clementi akiivaa hivyo, ingemfika kwenye magoti.

"Mimi nina kipindi shuleni," alisema Nyangi. Aliaga, akaingia kwenye gari, akaondoka nalo. Lilipanda barabarani bila kukohoa.

Rhobi alimvuta Koplo Jastin pembeni. Jastin alikuwa kijana makini, na ndiye aliyeandika maelezo ya mwanzo ya Clementi.

"Mchukue mwende naye Musoma," alimwambia. "Mwambie kuna sehemu za maelezo yake zinahitaji sahihi. Mpeni chai. Asiguse simu."

"Afande, lakini jirani alimwona."

"Ngoja nikamwulize alimwona nani."

Jirani alikuwa Sara, mama wa makamo aliyeaminiwa mtaa mzima, na wala hakuwa mwongo. Alikuwa barazani kwake anabangua karanga, kama alivyokuwa Jumamosi.

"Nilimwona Clementi, eeh. Mchana wote yuko chini ya gari."

"Ulimwona uso, mama?"

"Uso nitauonaje, binti yangu, na mtu yuko chini ya gari? Niliona miguu. Ile ovaroli yake ya bluu na mabuti ya mvua."

"Mlisalimiana?"

"Nilimsalimia. Akagonga chuma na spana, ko ko, basi." Sara alitulia, ganda la karanga kati ya vidole. "Clementi ana maneno huyo. Ukimsalimia, mpaka uombe ruhusa ya kuondoka. Siku hiyo nikasema moyoni, leo kazi imemkolea."

Rhobi alimshukuru. Ilibaki njia moja ya kuziba: huenda Clementi alikodi fundi, akaona aibu kusema. Alipita gereji za mjini, na kwa fundi mkubwa kuliko wote, Ryoba, alieleza kila alichokiona, bolti, jagi, dumu na maandishi yake. Ryoba alisikiliza akiwa amekaa juu ya tairi.

"Hiyo si kazi ya gereji, afande," alisema mwishowe. "Sisi tuko wazuri, lakini hatunaga muda wa kuandika SUMU. Huyo ni mtu anayelipenda hilo gari. Ukimpata, mwambie akitaka kazi aje kwangu."

Rhobi alimpata saa ya mapumziko ya wanafunzi, peke yake katika maabara ya fizikia ya sekondari anakofundisha, anapanga vyombo kwenye kabati. Majagi ya plastiki yenye mistari ya vipimo yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa, na katikati ya safu palikuwa na nafasi tupu.

"Nitalirudisha," alisema Nyangi kabla hajaulizwa. "Litaoshwa vizuri."

"Sikuja kwa ajili ya jagi, mwalimu." Rhobi alivuta stuli, akakaa. "Nilikagua magari miaka mingi. Kazi ile ya Jumamosi ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuziona zikifanyiwa nyumbani. Nilitaka kumwambia hivyo aliyeifanya, na aliyeifanya si mumeo."

Nyangi aliendelea kupanga vyombo. Vilikuwa vimekwisha kupangwa, akavipanga tena.

"Hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo," alisema.

"Ulijifunza wapi?"

"Kwa baba. Alikuwa dereva wa lori la pamba. Wenzake walikuwa wanasubiri gari iharibike ndipo waiguse, yeye hakuwaga hivyo. Alinifundisha kila kitu chini ya lori lile." Alikaa upande wa pili wa meza. Kidogo kidogo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliye darasani kwake. "Rejeta unaiacha ipoe mpaka unaweza kuweka kiganja. Unamwaga, unasuuza kwa maji safi mpaka yanatoka meupe. Kulanti unachanganya na maji ya betri, si ya bomba, maji yetu ya huku yana chumvi. Unamimina polepole, unawasha gari mfuniko ukiwa wazi, unafungua hita mpaka mwisho, unaminya ule mpira wa juu. Hewa inatoka, unaona mapovu. Usipotoa hewa, gari itachemka ukiwa mbali na kwako."

"Na giaboksi?"

"Unarudisha kiasi kilichotoka. Unakanyaga breki, unapitisha gia zote moja moja, unaiacha kila moja ikamate. Halafu ndio unapima, oili ikiwa ya moto." Alitabasamu kidogo. "Huwezi kuijaza mpaka ifurike. Nilipomsikia asubuhi, nilitaka kuingia ndani ya ukuta."

"Mama Sara alikusalimia, ukagonga chuma."

"Nilikuwa na tochi mdomoni. Na hata isingekuwepo, nisingeitika. Tulipooana tu, watu walimwona Clementi amevaa ovaroli, wakasema ni fundi. Tukacheka. Baadaye ikawa ndiyo heshima yake mtaani. Nikamwachia, sikuona shida. Gari linatembea, mimi najua nani amelitengeneza."

Kengele ililia. Nje watoto walikimbilia madarasani, na Rhobi akangoja kelele zipungue.

"Mwalimu, nisikilize kabla hujasema neno jingine. Kinachofuata kinamhusu mumeo. Sheria inakuruhusu kukataa kutoa ushahidi dhidi yake. Ukisema hapana, nitaondoka, na hakuna atakayekusumbua. Sitaki useme kwa sababu nimekusifu."

Nyangi aliinamisha kichwa. "Mzee Isidori anaendeleaje?"

"Anakunywa uji. Jicho moja bado halioni."

"Na yule kijana mliyemkamata?"

"Alfonce. Yuko ndani. Mkewe anakuja kila asubuhi na chakula, anakaa getini mpaka jioni."

Nyangi alifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nyie mliandika maelezo ya Clementi," alisema Nyangi, "mkaandika ya Sara. Mimi nilileta chai, mkanishukuru. Nilijiambia, hawajaniuliza, basi sijui kitu. Nimelala na hilo siku zote hizi." Aliinua macho. "Jumamosi aliniomba nifanye kazi ya gari mchana huo huo. Nikafurahi, nilikuwa nimemkumbusha muda mrefu. Akaondoka na pikipiki. Aliporudi jua linazama, aliosha pikipiki kabla hajanywa chai. Clementi haoshagi pikipiki. Kesho yake akachukua gari kwenda kwa dada yake Mwitongo. Liliporudi nilifungua boneti kuona kama kulanti imeshuka, maana baada ya safari ya kwanza lazima uangalie. Gari lote lilikuwa linanuka petroli. Nikafungua nyuma. Zulia lilikuwa na mchanga mweupe."

"Bunda hakuna mchanga mweupe."

"Hakuna." Alisimama, akafunga kabati kwa ufunguo. "Twende. Gari liko nje. Nitaendesha mimi."

Wakashika barabara kuu, na Kiabakari wakakata kuelekea Butiama. Kwenye vilima gia zilibadilika laini kiasi kwamba Rhobi alilazimika kusikiliza injini ajue zimebadilika. Mshale wa joto ulipanda mpaka usawa wake, ukakaa hapo.

Mwitongo walimkuta Gati, dada mkubwa wa Clementi, anaanika mtama. Alimkumbatia wifi yake, akamsalimia mgeni, na Rhobi alipojitambulisha, uso wake ukaonyesha mshangao mtupu. Rhobi alimwita kwanza mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi, kisha akauliza.

"Mzigo? Upo," alisema Gati. "Alisema ni mashine ya mteja, nisiiguse, kule kwake kuna wezi."

Ilikuwa kwenye ghala, nyuma ya magunia ya mihogo mikavu, imeviringishwa kwenye turubai. Rhobi aliifunua, akasugua bamba la namba kwa kitambaa, akapiga simu kwa katibu wa wavuvi wa Bukima na kumwomba asome namba za injini iliyoibwa. Katibu alisoma tarakimu moja moja, na Rhobi akazifuata kwa kidole mpaka ya mwisho.

Gati alikaa juu ya gunia. "Amefanya nini, Nyangi?"

Nyangi alikaa pembeni yake, akamshika mkono, akamweleza yeye mwenyewe. Rhobi na mwenyekiti walitoka nje.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa walipoingia Musoma. Nyangi alitoa maelezo yake kwenye chumba chenye dirisha wazi, na Jastin ndiye aliyeandika. Alipofika kwenye mchana wa Jumamosi, Jastin aliandika, akamsomea: mke alikuwa akimsaidia mumewe kutengeneza gari.

"Futa hapo," alisema Nyangi. "Andika kwamba nililitengeneza mimi. Peke yangu."

Jastin alimtazama inspekta wake, kisha akafuta, akaandika upya. Nyangi alisoma mstari kwa mstari, akaweka sahihi.

Chumba cha pili Clementi alikuwa bado mchangamfu. Uchangamfu uliendelea mpaka Rhobi alipoweka mezani picha ya injini ikiwa kati ya magunia ya mihogo. Aliitazama muda mrefu.

"Nani amewapeleka Mwitongo?" aliuliza.

"Mtu anayejua gari lake limekwenda wapi."

Clementi aliisukuma picha kando. Kisha akaomba maji, na baada ya kunywa alianza kueleza, kwa maneno machache kuliko alivyozoea, jinsi Isidori alivyogeuka na kumtambua, jinsi chuma kilivyokuwa karibu na mkono, na jinsi alivyoificha injini vichakani mpaka alipoirudia na gari kesho yake.

Alfonce alitolewa mahabusu akiwa amekonda, viatu mkononi. Mkewe alisimama getini na bakuli tupu la chakula. Rhobi alimwomba radhi mbele ya askari wote waliokuwa zamu, kwa sauti ya kusikika, na Alfonce aliitikia kwa kichwa tu. Magari ya kwenda Bukima yalikuwa yamekwisha kuondoka. Alifunga kamba za viatu, akajiandaa kutembea mpaka njia panda, pengine wangebahatika kupata lori.

Nyangi aliteremka kwenye Rav4 yake, akawaendea.

"Mimi nitawapeleka mpaka nyumbani," alisema.

"Wewe ni askari?" Alfonce aliuliza.

Rhobi alipiga hatua mbele ili ajibu kwa niaba yake, lakini Nyangi alimwahi.

"Hapana. Mimi ni mke wa Clementi. Ndiye aliyefanya lile ulilofungiwa. Nimekwisha kuwaambia polisi."

Mke wa Alfonce alishika bakuli kwa mikono miwili. Alfonce alimtazama mwanamke yule mfupi, madoa mekundu bado yako chini ya kucha zake, akamtazama inspekta, akaitazama barabara ya Majita, ile ya kwenda Bukima, ambako vumbi lilikuwa linatulia.

"Gari litafika?" aliuliza.

"Litafika."

Alfonce alimfungulia mkewe mlango wa nyuma, akahakikisha amekaa. Kisha akazunguka, akaingia mbele, kando ya dereva wake.